Wadominiko wa Athy: Karne Saba Bila Anwani ya Kudumu

Treni iendayo Waterford hutoka stesheni ya Heuston jijini Dublin, hupita nyanda za malisho za kaunti ya Kildare, na kabla ya kuingia Carlow husimama Athy, mji mdogo uliokua pale watu walipoweza kuuvuka mto Barrow kwa miguu. Wageni wengi hushuka hapa kwa sababu ya Ernest Shackleton, mvumbuzi wa Antaktika aliyezaliwa mwaka 1874 huko Kilkea, jirani na mji huu, na ambaye mji umemwekea makumbusho. Mimi nilishuka kwa sababu ya maktaba. Ukifika karibu na mto huwezi kuipita bila kuiona: paa lake la zege limepinda kama tandiko la farasi, pande mbili zimeinuka na mbili zimeshuka. Ndani, rafu za vitabu zimepangwa palipokuwa na mabenchi ya waumini, na mwanga huingia kupitia vioo vya rangi vilivyobuniwa na msanii George Campbell. Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1965 kama kanisa la watawa Wadominiko. Novemba 2015 watawa waliondoka, na mwaka 2018 jengo likafunguliwa upya kama maktaba ya umma. Walikuwa wamekuwapo Athy tangu katikati ya karne ya 13.

Habari ya namna hii husimuliwa kwa njia mbili, na zote mbili haziniridhishi. Ya kwanza ni ya mashujaa: watawa walinyang'anywa nyumba, wakawindwa, wakasali mafichoni, wakashinda kwa imani yao. Ya pili ni ya msiba: taifa lililokuwa Katoliki kupindukia limeacha kwenda kanisani, na majengo yanabaki kuwaonyesha watalii. Ya kwanza haielezi kwa nini watawa wengine wenye imani ileile walitoweka katika misukosuko ileile. Ya pili haielezi kwa nini walioondoka Athy mwaka 2015 walikuwa wa shirika ambalo wakati huohuo lilikuwa likipokea vijana wengi kuliko mashirika mengi ya kitawa nchini humo. Nilichokiona kati ya Dublin, Athy na Kilkenny, na nilichokisoma kuhusu miji hiyo, kinanielekeza kwenye maelezo makavu zaidi. Wadominiko walidumu kwa sababu ya namna walivyojipanga. Tangu mwanzo waliunda jumuiya isiyofungwa na jengo, na desturi hiyohiyo iliyowawezesha kurudi mara kwa mara ndiyo iliyowawezesha kuondoka kwa amani.

Msomaji wa Tanzania anayeijua Peramiho au Ndanda anajua abasia ni kitu gani. Mmonaki Mbenedikto huweka nadhiri ya kudumu katika monasteri yake. Ana mashamba, karakana, shule na makaburi ya wenzake mahali hapohapo, na kwa kawaida hufia alikoanzia utawa. Mdominiko hana nadhiri hiyo. Shirika lake lilithibitishwa na Papa Honorius III mwaka 1216 kwa kazi ya kuhubiri, na mtawa huahidi utii kwa mkuu wa shirika zima, wala si kwa ukuta wowote. Hupangiwa nyumba, na kesho anaweza kupangiwa nyingine. Priori wake huchaguliwa na ndugu wenyewe kwa kipindi maalumu. Mambo mazito huamuliwa katika mikutano ya wajumbe wa nyumba zote. Na riziki, angalau kwa kanuni, hutoka katika sadaka za watu wanaohubiriwa. Ndiyo maana Wadominiko walitafuta miji, mara nyingi pembezoni mwake, karibu na lango au daraja, mahali ambapo watu hawakosi kupita. Walifika Ayalandi mwaka 1224, wakaanzia Dublin na Drogheda, na kabla ya karne hiyo kwisha walikuwa na nyumba zaidi ya 20. Athy ilikuwa mojawapo, ukingoni mwa Barrow upande wa mashariki. Si nyumba ya pembeni kama udogo wa mji unavyoweza kumdanganya mtu: mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa ile ya 14 wajumbe wa shirika walikutanika hapo kwa mikutano yao.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo simulizi la mashujaa hulipita kimyakimya. Wadominiko wa kwanza wa Athy hawakuwa watawa wa wenyeji. Mji wenyewe ulikuwa wa walowezi Wanormani waliotoka Uingereza na Wales, na ulikaa mpakani, kati ya ardhi waliyoitawala na ardhi iliyobaki mikononi mwa koo za Kiayalandi. Ngome inayoitwa White's Castle, inayosimama hadi leo kando ya daraja, asili yake ni mwaka 1417, ilipojengwa kulinda kivuko hicho dhidi ya wenyeji. Januari 1316 Edward Bruce, aliyekuja kutoka Uskoti kujaribu kuwapokonya Waingereza Ayalandi, alipigana huko Ardscull, nje kidogo ya Athy, na baadhi ya wakuu waliouawa, Waskoti wakiwemo, walizikwa kwa Wadominiko. Nusu karne baadaye, mwaka 1366, Sheria za Kilkenny zilikataza nyumba za watawa zilizokuwa katika maeneo ya Waingereza kuwapokea Waayalandi. Kwa hiyo anayesema kwamba watawa hawa walikuwa damu na nyama ya taifa la Ayalandi tangu siku ya kwanza anasema lisilo kweli. Walikuja na mlowezi na walizungumza lugha ya mlowezi. Lakini karne tatu baadaye tunawakuta upande wa wanaokandamizwa, wakilishwa na maskini wanaozungumza Kiayalandi. Abasia iliyopewa ardhi na bwana mmoja hubaki na deni kwa bwana huyo. Nyumba inayokula sadaka za mji hubadilika mji unapobadilika, na hilo ndilo lililotokea.

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja kwa Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Miaka ya 1530 ukoo wa FitzGerald wa Kildare, uliokuwa nguzo ya mamlaka katika eneo lote hilo, uliasi na kuangamizwa. Mwaka 1537 kijana wao Thomas aliuawa London pamoja na baba zake wadogo watano. Kisha serikali ikaanza kuzifunga nyumba za watawa, na nyumba ya Athy haikusalimika: ilifungwa mwaka 1539. Ukilinganisha yaliyowapata watawa wa aina mbalimbali baada ya hapo, tofauti inajitokeza. Abasia ya Mellifont, iliyoanzishwa na wamonaki wa shirika la Cîteaux mwaka 1142 na kuwa mama wa abasia nyingi za kisiwa hicho, ilifungwa mwaka 1539. Wamonaki hao walijaribu kujikusanya tena karne ya 17, lakini maisha yao ya kawaida ya abasia hayakurudi Ayalandi mpaka miaka ya 1830, walipofukuzwa Ufaransa na kuanzisha Mount Melleray. Ukimwondoa mmonaki kwenye ardhi yake, umemwondolea chakula, kazi na nadhiri kwa mpigo mmoja. Mdominiko aliyefukuzwa Athy alipoteza paa. Kanuni yake ilibaki, wakubwa wake walibaki, na watu waliompa mkate walikuwa bado mtaani. Tena, mwaka 1536, katikati ya dhoruba hiyohiyo, Roma iliwapa Waayalandi mamlaka ya kuwa provinsi inayojitegemea badala ya kuwa chini ya Uingereza. Kwa karibu karne moja uamuzi huo ulionekana karatasi tupu, kwa sababu watawa walikuwa wachache mno. Baadaye ukawa msingi wa kila kitu.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na hoja yake ina uzito: hawakudumu kwa kanuni bali kwa walezi. Bila koo za Kikatoliki zilizowaficha na kuwalisha, kanuni, hata iwe nzuri namna gani, ingewasaidia nini? Ushahidi wa mji wa Sligo unaweza kuletwa dhidi yangu. Huko, mwaka 1568, kiongozi wa ukoo wa O'Connor alimwomba Malkia Elizabeth aiache nyumba ya Wadominiko, kwa sharti kwamba watawa wawe mapadri wa kawaida, na nyumba ikaendelea. Sikatai kwamba walezi walikuwa muhimu. Lakini Athy ndiyo mfano unaopunguza nguvu ya hoja hiyo. Mlezi mkuu wa huko alianguka kabla ya watawa kufukuzwa, na waliofuata katika ukoo uliorejeshewa cheo waliishia kuwa Waprotestanti. Hata hivyo, katika karne ya 17 Wadominiko walirudi. Waliporudi hawakutegemea ngome ya bwana mmoja. Walitegemea watu wengi wadogo, ambao hakuna mfalme anayeweza kuwakata vichwa wote.

Na walitegemea ng'ambo. Sehemu hii ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha kwamba historia ya mji mdogo wa Kildare iliandikwa kwa kiasi kikubwa nje ya Kildare. Sheria ilipofanya malezi ya watawa kuwa hatari nyumbani, Wadominiko wa Ayalandi waliyahamishia katika bara la Ulaya: Louvain katika miaka ya 1620, Lisbon, ambako Dominic O'Daly kutoka Kerry aliwaanzishia chuo pamoja na konventi ya masista wa Ayalandi ya Bom Sucesso mwaka 1639, na Roma, ambako walipewa kanisa la kale la San Clemente mwaka 1677. Kijana aliondoka bandarini kama mfanyabiashara au mwanafunzi, akarudi baada ya miaka akiwa padri aliyesoma teolojia kwa Kilatini na kuongea Kireno au Kiflemi. Kwa hesabu ya shirika lenyewe, katikati ya miaka ya 1640 Wadominiko wa Ayalandi walikuwa takriban 600. Kisha vita vya Oliver Cromwell, jemadari wa Uingereza, vikapita. Mkutano mkuu wa shirika uliofanyika Roma mwaka 1656 ulisema kwamba hata robo yao hawakubaki. Wengine walikuwa wameuawa, wengine wamepelekwa uhamishoni. Nyumba iliyopoteza watu kiasi hicho, kama ingekuwa nyumba tu, ingekufa. Lakini vyuo vya Lisbon na Louvain havikufikiwa na bunduki za Cromwell, navyo viliendelea kutoa watu.

Sheria iliyofuata ilitungwa na watu walioelewa vizuri jambo hilo. Sheria ya mwaka 1697 iliwaamuru maaskofu na watawa wote wanaume waondoke nchini kabla ya tarehe 1 Mei 1698, na aliyerudi baada ya kufukuzwa alihesabiwa msaliti wa taifa. Mapadri wa parokia hawakufukuzwa. Mwaka 1704 walitakiwa tu wajiandikishe serikalini. Mantiki yake ni wazi: padri wa parokia bila askofu hana wa kumrithi, hivyo atazeeka na kufa, na Ukatoliki utakufa naye. Mtawa ndiye tatizo, kwa kuwa mkubwa wake yuko Roma, shule yake iko Louvain, na yeye hana anwani. Hapo ndipo Wadominiko walipoonekana kwa ukamilifu vile walivyokuwa. Waliendelea kuwateua mapriori wa nyumba ambazo hazikuwapo tena isipokuwa kwa jina. Priori wa Athy angeweza kuwa mtu aliyevaa koti la mkulima, asiye na kengele wala kikanisa, akiwa na ndugu wawili waliolala katika nyumba za watu. Anayeuliza kama hiyo ilikuwa kweli jumuiya ileile ya karne ya 13, au ni kundi jipya lililojivika jina la zamani, anauliza swali halali. Jibu langu ni kwamba kwa shirika la namna hii, orodha ya majina yaliyofuatana chini ya kanuni moja ndiyo uendelevu wenyewe. Hakukuwa na kingine cha kuendeleza.

Na sasa nafika kwenye ushahidi ninaouona wa kukata maneno, ambao wapenda mashujaa huuchukia kwa sababu hamna adui wa Kiingereza ndani yake. Katikati ya karne ya 18 mateso yalikuwa yanalegea. Wawindaji wa mapadri walikuwa wameisha, vikanisa vilikuwa vinajengwa tena katika vichochoro, na katika miji kama Athy watawa waliishi wakijulikana na kila mtu. Kwa simulizi la kawaida, huo ungekuwa wakati wa kustawi. Lakini maaskofu na mapadri wa majimbo wa Ayalandi walikuwa na malalamiko yao. Watawa walikuwa wengi, baadhi hawakuwa na elimu ya kutosha, na sadaka za maskini zilikuwa hazitoshi kuwalisha wao na mapadri wa parokia pia. Malalamiko yakafika Roma, na mwaka 1751 Roma ikazuia kupokelewa kwa wanovisi nchini Ayalandi. Anayetaka utawa aende akaupokee ng'ambo. Neno hilo lilisikika jema, kwani malezi yangekuwa bora. Matokeo yake yalikuwa kwamba vijana wasio na nauli walikosa mlango, na idadi ya watawa ikaporomoka, katika kipindi ambacho hakuna aliyekuwa akiwanyonga. Thomas Burke, Mdominiko aliyekuwa askofu wa Ossory yenye makao yake Kilkenny, aliandika historia ya shirika lake katika Ayalandi iliyotoka mwaka 1762, na ukiipata unaweza kuisoma kama hati ya utetezi: hivi ndivyo tulivyokuwa, hizi hapa nyumba zetu, msituzike bado. Askari wa Cromwell walichoma paa na Wadominiko wakarudi. Barua ya makarani wa Roma iligusa njia ya kuwapata na kuwalea watu, na Wadominiko wakaanza kupungua kwa vizazi. Kama nguvu yao ingekuwa ushujaa peke yake, mambo yangekuwa kinyume.

Karne ya 19 naipita haraka, maana ni karne ya kila mtu. Sheria ya mwaka 1829 iliyowapa Wakatoliki haki zao za kisiasa ilikuwa na vifungu vya kuyaua polepole mashirika ya wanaume, kwa kuwakataza kupokea wapya. Haikutekelezwa, ingawa ilitumika mahakamani kuwanyima wosia walioachiwa. Athy ikajengwa upya kwa taasisi: nyumba ya maskini iliyofunguliwa mwaka 1844, mwaka mmoja kabla ya njaa kuu, kisha masista, mabruda na shule zao. Wadominiko nao wakawa na nyumba na kanisa kando ya Barrow, wakahubiri, wakasikiliza maungamo, wakaeneza rozari, wakaheshimiwa. Ilikuwa mara yao ya kwanza tangu 1539 kuwa na kitu cha kupoteza. Jengo la 1965 ndilo kilele cha hali hiyo. Ni jengo la watu wanaoamini kwamba kesho itakuwa kubwa kuliko leo: zege, umbo la kihisabati, sanaa ya wakati huo, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungwa. Kama jengo, nalipenda. Kama makadirio ya siku za usoni, lilikosea vibaya, kwani muda mfupi baadaye idadi ya vijana walioingia utawa nchini Ayalandi ilianza kushuka.

Kutoka Athy, treni ileile hukufikisha Kilkenny, na Kilkenny ndiko pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu limejengwa kwa mawe. Black Abbey ya Wadominiko ilianzishwa mwaka 1225, nje ya ukuta wa mji, na lango lililoelekea kwao bado lipo. John Clyn, Mfransisko wa mji huo, aliandika kwamba kati ya Krismasi na tarehe 6 Machi 1349 tauni iliua Wadominiko wanane wa Kilkenny. Baada ya nyumba kufungwa na Henry VIII, ilifanywa mahakama. Watawa walirudi, wakafukuzwa, wakarudi tena, na mwaka 1816 wakaifungua kwa ibada za hadharani. Leo kanisa linasaliwa, na mwanga wake hupita katika dirisha kubwa la rozari la mwaka 1892, kazi ya karakana ya Mayer ya Munich, linalosifiwa kuwa kubwa kuliko yote ya vioo vya rangi nchini. Mtu akisimama hapo atasema: unatuambia jengo si kitu, mbona waliling'ang'ania hili kwa karne nane? Nakubali kwamba watu hawaishi kwa kanuni peke yake, na kwamba mahali palipozikwa wenzako pana mvuto ambao katiba haina. Lakini Kilkenny haipingi ninachosema, inaonyesha bahati. Dublin, ambako nyumba yao ya kwanza ilikuwa pale majaji wanapokaa leo katika jengo la Four Courts, walihama makazi mara kadhaa hadi kufikia kanisa lao la Dominick Street, lililofunguliwa mwaka 1861. Athy hawakuachiwa ukuta wa kurudia. Matokeo ya mwisho kwa jumuiya hizo yalikuwa yaleyale: ziliendelea. Kama jengo lingekuwa sababu, Athy ingekufa mwaka 1539 na Kilkenny ingedumu. Lakini zote mbili zilidumu mpaka karne ya 21.

Linabaki pingamizi la mwaka 2015, na hili ndilo gumu zaidi. Hakukuwa na mfalme, wala askari, wala karani wa Roma. Kanuni ilikuwapo, sadaka zilikuwapo, jengo lilikuwapo, na bado waliondoka. Je, hoja yote haijaanguka? Sehemu yake imetikisika, nakiri. Kanuni inaweza kuhamisha watu, haiwezi kuwazaa. Na watu walipungua kwa sababu ambazo Kanisa la Ayalandi haliwezi kuzitupia dunia ya nje peke yake. Ripoti za mwaka 2009, moja kuhusu taasisi za watoto zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa na nyingine kuhusu jimbo kuu la Dublin, ambalo parokia ya Athy ni sehemu yake, zilionyesha unyanyasaji wa watoto na namna ulivyofichwa na wenye mamlaka. Imani ya watu kwa makasisi ilivunjika, na ilistahili kuvunjika. Hata hivyo namna ya kuondoka Athy haikuwa ya nyumba inayokufa na watu wake ndani. Provinsi iliamua kukusanya ndugu zake katika nyumba chache zaidi ili kila nyumba iwe na watu wa kutosha kusali pamoja, kula pamoja na kuhubiri, badala ya kuwaacha wazee wawili au watatu wakilinda paa. Limerick nako waliondoka, na mwaka 2016 masista Wadominiko kutoka Nashville, Marekani, wakaingia. Mmonaki angeona aibu kuifunga monasteri yake hivyo. Kwa Mdominiko ni kupangiwa nyumba nyingine.

Ninaloliona kama kasoro halisi ya mpangilio huu liko upande wa pili, na halizungumzwi. Ni mji. Watu wa Athy ndio waliowalisha watawa hawa wakati wa mateso, wakawachangia wakati wa amani. Lakini katika mkutano unaoamua nani akae wapi, mji hauna kura. Karne ya 13 haukuwa nayo, na mwaka 2015 haukuwa nayo. Jumuiya isiyofungwa na mahali huwa huru dhidi ya adui, lakini huwa huru pia dhidi ya rafiki. Wanaowasifu Wadominiko kwa wepesi wao wa kuhama wahesabu na gharama hiyo, na wakumbuke nani aliyeilipa. Kwa upande wake, mji haukupata hasara tupu. Konventi ya masista ya hapohapo Athy ikawa hoteli. Kanisa la Wadominiko likawa mali ya kila mtu. Kati ya hatima hizo mbili, ya maktaba ndiyo inayolingana na watu waliojiita wahubiri na waliovuka bahari kwenda kusoma. Msomaji akipita Kildare asiishie kwa Shackleton. Atembee hadi mtoni, aingie chini ya paa lile lililopinda, aombe vitabu vya historia ya mji na asome. Maktaba za umma za Ayalandi hazitozi ada ya uanachama.